Barua kwa Mwanangu: Taa Iliyozimwa Haddonfield

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku Tanga ni wazima, alhamdulillahi. Mguu wa baba yako umepata nafuu, na Ijumaa alikwenda msikitini bila kushikwa mkono. Shangazi yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umesema mlikaa chumbani na wenzako mkaiangalia Halloween, ile ya mwaka 1978 niliyokuwa nikikusimulia, na kwamba mmoja alilala, mwingine akaucheka ule uso mweupe wa mpira, na wewe uliyesema si lolote ndiye uliyeamka usiku kwenda kuhakikisha komeo. Halafu ukaniuliza: filamu yenyewe damu haina, mizimu haina, muuaji anatembea taratibu hana haraka, na karibu saa nzima hakuna kubwa linalotokea, kwa nini miaka yote hii watu hawaiachi? Swali hilo nimekuwa nalo tangu enzi za duka letu la kukodisha kanda, na jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa sauti. Kaa usome.

Nianze na fedha, maana najua wewe na kikundi chenu mnalia na fedha. Msambazaji mmoja wa filamu, Irwin Yablans, alimfuata John Carpenter, kijana wa miaka thelathini hivi, akampa wazo la muuaji anayewawinda wasichana wanaokaa na watoto. Kule Marekani wazazi wakitoka usiku humwita msichana wa mtaani, mara nyingi mwanafunzi wa sekondari, akae na watoto wao kwa malipo kidogo mpaka warudi. Kila mtaa unao wasichana hao, na kila nyumba imewahi kumwita mmoja. Kisha Yablans akaongeza kwamba mambo yote yatokee usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao watoto wao huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Fikiria hapo. Ndio usiku pekee katika mwaka ambao mtu aliyejifunika uso anaweza kupita mtaa mzima na asiulizwe anakwenda wapi.

Carpenter aliandika hadithi pamoja na Debra Hill, ambaye ndiye aliyekuwa pia mtayarishaji. Fedha zilikuwa kama dola 300,000. Kwa Hollywood hizo ni hela za chai. Carpenter alichukua dola 10,000 kwa kuandika, kuongoza na kutunga muziki, pamoja na fungu la faida kama ingepatikana. Walipiga picha kwa siku 20 hivi, majira ya machipuko ya 1978, huko South Pasadena, California, ilhali hadithi inasema tuko Haddonfield, mji wa kubuni jimboni Illinois, na ni wakati wa majani kupukutika. Basi wakayapaka rangi majani bandia, wakayamwaga barabarani, wakapiga picha, wakayazoa tena kwenda kuyamwaga mtaa mwingine. Ukiitazama vizuri utaona miti iliyo juu bado ni ya kijani, na mahali fulani fulani nyuma ya nyumba inachungulia miti ya jamii ya mnazi, ambayo Illinois haioti. Mimi mtoto wa pwani niliiona mara moja. Wala haikunipunguzia hofu.

Na kile kinyago. Tommy Lee Wallace, aliyesanifu mandhari na kuhariri filamu, aliingia dukani akanunua sura ya mpira ya Kapteni Kirk, yule nahodha wa tamthilia ya anga aliyeigizwa na William Shatner. Haikufika dola mbili. Akang'oa nyusi, akang'oa ndevu za pembeni, akapanua matundu ya macho, akaipulizia rangi nyeupe. Kilichobaki ni uso wa mtu uliotolewa kila kitu. Hauna hasira wala furaha, na ukikutazama hujui kama umekuona. Mwenzako aliyeucheka mwambie autazame tena kule mwishoni, gizani. Nitafika huko.

Lakini uchache wa fedha peke yake hauidumishi filamu. Miaka ile zilitengenezwa filamu nyingi za bei rahisi, na tulizikodisha nyingi dukani kwetu. Majina yake leo siyakumbuki. Hii imedumu kwa sababu inamkabidhi mtazamaji kazi. Inakupa zamu ya ulinzi, na hakuna mwingine wa kukupokea.

Angalia inavyoanza. Mwaka ni 1963. Tunaiona nyumba kutoka nje, usiku, na tunaiona kwa macho ya mtu ambaye hatumjui. Tunachungulia dirishani, tunazunguka uani, tunaingia kwa mlango wa jikoni, mkono unavuta droo na kutoa kisu. Tunapanda ngazi. Kinyago kinaokotwa sakafuni, kinavaliwa, na skrini nzima inakuwa matundu mawili. Yanayotokea chumbani kwa dada mkubwa unayajua. Ni dakika kama nne, na inaonekana kana kwamba kamera haikukatwa hata mara moja. Kisha wazazi wanarudi, baba anakivua kile kinyago, na chini yake ni mtoto wa miaka sita aliyevaa nguo za sherehe, ameshika kisu, hana la kusema.

Waliifanya kwa chombo kipya wakati ule, kamera inayofungwa mwilini mwa mpiga picha ili itembee naye bila kutikisika. Tangu dakika hiyo umeshafundishwa jambo moja: kamera inaweza kuwa mtu. Basi miaka kumi na mitano baadaye, yule mtoto ameshakuwa mtu mzima na amerudi mtaani, kila kamera inaposogea nyuma ya msichana anayetoka shule, huna hakika kama ni kamera tu au ni yeye. Wakati mwingine ni kamera tu. Wakati mwingine bega linaingia pembeni na unasikia pumzi. Hakuna anayekuambia mapema ni ipi.

Wewe unasema saa nzima hakuna kinachotokea. Mimi nasema saa hiyo ndiyo filamu yenyewe. Laurie, msichana aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, yuko darasani mchana, mwalimu anafundisha, anageuza uso dirishani: ng'ambo ya barabara gari limeegeshwa na mtu amesimama kando yake. Anajibu swali la mwalimu, anatazama tena, hakuna gari. Anarudi nyumbani na rafiki yake Annie, mbele yao mtu amesimama kando ya ua wa majani. Annie anakwenda kumkabili, hakuna mtu. Anafika chumbani kwake, anatazama chini uani kwa jirani, nguo zimeanikwa kwenye kamba, na katikati ya mashuka amesimama yeye. Mchana kweupe! Jua linawaka, na nguo zinapepea. Mambo ya kutisha tumezoea kuyawekea usiku wake, lakini Carpenter anatumia mchana mzima kukuonyesha kwamba amekuja, yuko mtaani, na hakuna anayemwona isipokuwa msichana mmoja na wewe.

Hapa nikuambie jambo la duka letu. Kanda ya video tuliyokuwa nayo, na deki na televisheni zetu za boksi, zilikuwa zinakata picha pande mbili ili ijae kwenye kioo kile cha mraba. Carpenter na mpiga picha wake mkuu Dean Cundey walipiga filamu hii kwa picha pana sana, pana kuliko mara mbili ya kimo chake, jambo ambalo wengi wenye fedha kidogo walikuwa hawalifanyi. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naiona filamu iliyokatwa masikio. Nilipokuja kuiona nzima, nilikaa wima. Kumbe msichana anasimama upande mmoja, na upande wa pili wote umeachwa mtupu: korido, mlango ulio wazi, giza la sebule. Ule utupu uliachwa makusudi. Jicho lako haliwezi kutulia kwa Laurie, linakwenda kule, linarudi, linakwenda tena. Hata kwenye kanda iliyokatwa filamu ilitisha, lakini kazi yake kamili iko pembezoni. Kwa hiyo nikikuuliza kama mliiangalia kwenye simu mkiwa watatu mmebanana, usikasirike. Swali langu lina maana.

Sasa lile giza la mwishoni. Laurie amevuka barabara kwenda kwenye nyumba walikokuwa rafiki zake, amewakuta wamekufa, ametoka nyuma-nyuma mpaka ukumbini juu ya ngazi, amejibanza ukutani analia. Pembeni yake kuna mlango wa chumba, na ndani ni weusi mtupu. Hakuna anayeruka. Hakuna kishindo. Polepole mno, ndani ya weusi ule, kitu cheupe kinaanza kutokea, kwanza hujui ni nini, halafu ni paji la uso, halafu ni ule uso wote. Alikuwa amesimama pale muda wote. Walichofanya ni kuipandisha taa ndogo moja taratibu, kidogo kidogo, ikilenga kinyago. Taa moja na mkono wa mtu mwenye subira. Kinyago cha dola mbili kinafanya kazi pale ambayo kinyago cha mamilioni kisingeifanya, kwa sababu hakina sura ya kukutangulia kukuambia uogope nini.

Muziki nao uutafute. Carpenter aliutunga mwenyewe, kwa sababu asingeweza kumlipa mtu mwingine. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, na alipokuwa mtoto alimfundisha kupiga mapigo matano matano kwenye ngoma ndogo za bongo. Ndiyo mapigo hayo hayo aliyoyahamishia kwenye piano. Sikio letu limezoea mapigo manne, mguu unajua utatua wapi. Haya matano yanakufanyia kama ngazi ya gizani yenye kidato kimoja zaidi ya ulivyohesabu: kila ukidhani umefika, bado. Na yanarudi na kurudi, hayachoki. Kabla ya kuuweka huo muziki, Carpenter alimwonyesha filamu mtendaji mmoja kijana wa studio kubwa, dada mmoja, naye hakuogopa hata chembe. Muziki ukawekwa. Baadaye akakutana na dada yule yule, safari hii akiisifia. Picha zilikuwa zile zile.

Umesema pia, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwamba filamu inawaadhibu wasichana: wanaolala na wapenzi wao wanachinjwa, yule mwenye adabu anapona. Nalijua shitaka hilo, limesemwa na wasomi wengi, na kwa filamu zilizoiga hii baadaye lina ukweli mkubwa. Nyingi zilikuwa hazina heshima kwa mwili wa mwanamke, na wewe uliniona nikikataa kuzikodisha kwa watoto wa mtaani hata waliponiletea hela mkononi. Lakini hii ya kwanza itazame vizuri kabla hujaihukumu. Laurie si malaika. Yumo garini na Annie wanavuta bangi njia nzima. Anatamani kijana fulani, anaona haya kusema. Carpenter mwenyewe amekuwa akikana kwamba alitaka kuhubiri. Wale wengine wana shughuli zao, simu, wapenzi, bia. Laurie hana mtu, anakaa peke yake, kwa hiyo anaangalia dirishani. Na maongezi ya wasichana wale, wakitoka shule wamekumbatia vitabu, wanasemana, wanalalamikia sherehe na nguo, yaliandikwa na Debra Hill, mwanamke ambaye ujana wake na yeye alikaa na watoto wa watu usiku. Ndiyo maana wanaongea kama wasichana wa kweli. Wanapokufa unasikitika, maana ulishawazoea. Filamu zilizofuata zililisahau hilo, zikabaki zinahesabu maiti.

Nami nina sababu yangu ambayo sijaisoma kokote. Kuna mahali muuaji hayumo akilini mwangu kabisa, na ndipo ninapoogopa kuliko pengine pote. Laurie ametoroka ile nyumba, ameumia, anachechemea barabarani anapiga mayowe. Anakimbilia nyumba ya jirani, anagonga mlango, analia nisaidieni. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Kisha taa inazimwa.

Sekunde chache tu, hata ukiinamisha kichwa kuchukua maji imeshakupita. Mwanangu, wewe umezaliwa mtaa ambao mtu akipiga yowe usiku watu wanatoka. Unakumbuka usiku ule nyoka alipoingia kwa mama wa nyumba ya pili, alivyopiga ukunga mmoja tu, na kabla hajapiga wa pili uwanja umejaa tochi na fimbo, na wazee wamefunga misuli mguu pande? Hakuna aliyeuliza kwanza ni nini. Sauti ya mwenye shida ilitosha. Ndiyo maana mimi ile taa nilipoiona inazimwa, mara ya kwanza, niliisimamisha deki. Nilidhani sikuona vizuri. Nikarudisha nyuma, nikaona tena. Yupo mtu ndani, amesikia, ameona msichana anavuja damu, na ameamua.

Huenda alidhani ni utani wa watoto wa sikukuu. Ndio usiku wa kutishana, mayowe yamejaa mtaani. Filamu haimhukumu, haimrudii, hatumjui ni nani. Lakini tangu pale unajua kwamba mji ule mzuri wenye bustani na baraza za mbao hauna mtu. Yule mwenye kisu anavuka barabara kwa mwendo wake ule ule, wala hakimbii, kwa kuwa hana sababu ya kukimbia. Laurie amerudi kwenye nyumba anakokaa na watoto usiku ule, hana funguo, anarusha chungu cha maua dirishani kumwamsha mtoto, mtoto anashuka ngazi na usingizi wake, na sisi tunamwona muuaji nyuma anakuja. Nimeiona filamu hii mara nyingi mno na bado hapo namwambia yule mtoto fanya haraka.

Halafu angalia nani anaitika mwisho. Laurie anapodhani amemmaliza, jambo la kwanza analofanya ni kuwatoa watoto, anawaambia wakimbilie nyumba ya pili wakaite msaada. Watoto wanatoka wanapiga kelele, na kelele zile anazisikia Dokta Loomis, daktari wa yule muuaji, aliyekuwa akimtafuta mgonjwa wake usiku ule. Yeye hazimi taa. Anaingia ndani. Laurie amejipigania kwa sindano ya kufumia, kwa henga ya waya ya kabatini aliyoinyoosha kwa meno yakigongana, kwa kisu cha muuaji mwenyewe, vitu vya nyumbani ambavyo hata mimi ninavyo. Lakini bila mtu mzima mmoja kuitika yowe la watoto, asingepona. Unaponiuliza kwa nini haizeeki, mimi nakujibu ni hili. Kila mji mpya una watu wapya wanaojiuliza kimoyomoyo: nikipiga kelele, nani atatoka? Wewe sasa unaishi Dar, nyuma ya geti, na uliniambia mwezi uliopita kwamba wapangaji wa ghorofa moja na wewe huwajui hata majina. Sikusemi. Nakuambia tu kwa nini ulikwenda kushika komeo.

Kuna na hili la yule muuaji kukosa sababu. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu wa Haddonfield hamjui mtu. Miaka kumi na mitano yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, hakusema neno, daktari wake anasema alikata tamaa ya kukuta mtu nyuma ya macho yale. Anamfuata Laurie kwa kuwa Laurie alifika barazani kwenye ile nyumba yao mbovu kuacha ufunguo, basi. Angefika mwingine angefuatwa mwingine. Hicho ndicho kisichovumilika, na watu wa sinema wenyewe hawakukivumilia: sehemu ya pili, mwaka 1981, ikatuletea habari kwamba Laurie ni dada yake. Mimi hilo silikubali hata leo. Ukishampa zimwi undugu umeshampa kamba ya kushikwa nayo. Waliotengeneza ile ya 2018 waliutupa huo undugu, na hilo nawapongeza.

Nimegundua pia, labda kwa sababu mimi ni mzazi, jinsi filamu hii ilivyosimama juu ya wazazi na watoto wao. Mapigo ya muziki yalitoka kwa baba. Jamie Lee Curtis alikuwa na miaka 19, hajawahi kucheza filamu, na moja ya sababu za kuchaguliwa ni kwamba mama yake ni Janet Leigh, yule aliyeuawa bafuni katika Psycho ya mwaka 1960. Donald Pleasence aliyeigiza Dokta Loomis alimwambia Carpenter waziwazi kwamba hakuielewa hadithi. Alikubali kwa kuwa binti yake aliupenda muziki wa filamu iliyotangulia ya Carpenter. Binti akasema, baba akasikiliza. Alilipwa dola 20,000, donge nono kuliko wote pale. Yule aliyevaa kinyago, Nick Castle, rafiki wa Carpenter tangu chuoni, alilipwa dola 25 kwa siku. Tazama alichokitoa kwa dola hizo: amemtundika kijana mlangoni kwa kisu, anasimama, anainamisha kichwa upande huu, halafu upande huu, anaitazama kazi yake. Hakuna mazungumzo. Ile shingo inatisha kuliko kisu.

Na yule aliyetoa fedha, hutaamini, unamjua. Ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, aliyekwenda California kijana mdogo kusomea filamu. Ndiye aliyetengeneza The Message, ile tuliyokuwa tukiikodisha kila Ramadhani mpaka kanda ikaanza kukwaruza, na bibi yako akilia kila anapouawa Hamza. Mtu huyo huyo! Watu wa kwetu wakisikia hushangaa, wengine hukasirika. Mimi sikasiriki. Naona mtu aliyewaamini vijana wawili wasio na jina na kuwaachia kazi yao. Alifariki mwaka 2005 huko Amman, yeye na binti yake, katika milipuko ya mabomu ya hoteli. Debra Hill naye alifariki mwaka huo huo. Waombee kheri.

Filamu yao ilianzia Kansas City, Oktoba 1978, bila matangazo makubwa, ikaenea kwa midomo ya watu. Ikaingiza takriban dola milioni 47 Marekani peke yake. Roger Ebert, mhakiki aliyeogopwa kule, akaipa nyota zote nne. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Sasa nije kwenye kikundi chenu. Ile hadithi mliyonitumia, ya msichana anayebaki peke yake kwenye nyumba ya kupanga umeme ukikatika, ni nzuri. Nimeisoma mara mbili. Ninachokataa ni ukurasa wa nne, pale mnapomwonyesha mtu dirishani na hapo hapo muziki unalipuka. Mwacheni asimame. Msichana amalize kuosha vyombo, apanguse mikono, atoke, na mtazamaji ndiye abaki anajua. Na kwenye ukurasa wa saba mmewasahau kabisa majirani. Nyumba ya kupanga ina vyumba sita na choo kimoja. Watu hao wako wapi? Wanasikia au hawasikii? Amueni, kwa sababu mtazamaji wa kwetu atauliza kabla ya kuuliza jina la muuaji.

Yule mwenzenu anayetaka mchange laki tatu za damu ya bandia na ngozi ya mpira, mwelezeni kwa upole. Katika Halloween damu ni matone tu. Picha mnazo, simu zenu zinapiga vizuri kuliko kamera nyingi za zamani, lakini ile video mliyonitumia sauti yake inakwaruza na bodaboda zinapita juu ya maneno. Pumzi ya mtu gizani haitasikika hivyo. Laki hizo tatu tafuteni maikrofoni. Mimi na baba yako tutaongeza elfu hamsini, nitaituma kwenye simu yako Jumatatu baada ya gulio.

Nakusubiri Idi. Uje na hiyo hadithi imeandikwa upya.

Mama yako,
Tanga